Darasa moja, mwanasayansi mmoja, dakika 40: mwongozo kamili wa mazungumzo ya mtandaoni kwa walimu wa Dar es Salaam

Walimu wengi wa sayansi jijini wameshajaribu hili. Mwanasayansi anapatikana, projekta inaazimwa, wanafunzi wanajazana ukumbini. Mgeni anaongea dakika 35 na slaidi zake, mwalimu anauliza kama kuna maswali, kimya kinatanda, kisha kiranja anasimama kusoma shukrani alizoandikiwa. Makofi. Wiki inayofuata kinachokumbukwa ni kwamba mtandao ulikuwa unakatikakatika.

Lawama zote hupewa mtandao. Naamini tatizo huanza mapema zaidi: wanafunzi waliitwa kusikiliza hotuba, na hakuna aliyewasaidia kuja na maswali yao wenyewe. Mtandao ukisuasua, darasa lenye maswali litasubiri. Darasa lisilo na maswali litaanza kupiga soga. Ndiyo maana hatua ya maswali hapa chini ni ndefu kuliko zote, na nakuomba mwalimu mwenzangu usiiruke hata kama muda umekubana.

Mwongozo huu nimeuandika nikifikiria sekondari ya kawaida: darasa lenye wanafunzi 40 hadi 70, projekta moja ya shule nzima, wanafunzi wasioruhusiwa kuwa na simu. Kwa shule ya msingi fuata hatua hizi hizi, ila punguza mazungumzo yawe dakika 25.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta mpakato moja ambayo kamera na maiki yake vinafanya kazi.
- Projekta au TV kubwa, pamoja na waya wake. Hakikisha waya unaingia kwenye kompyuta hiyo hiyo utakayotumia. Kompyuta nyingi mpya hazina tundu la HDMI na zinadai adapta.
- Spika ya nje. Sauti ya kompyuta peke yake haifiki benchi la nyuma. Ya waya ni bora kuliko ya Bluetooth.
- Simu mbili zenye laini za kampuni tofauti, zote zina bando. Moja inatoa hotspoti, nyingine ni akiba.
- Bando la kutosha. Video ya kikundi kwa saa moja inaweza kula kuanzia kama MB 800 hadi zaidi ya GB 2, kutegemea ubora wa picha. Weka GB 2 za siku yenyewe, na nyingine za jaribio.
- Ekstensheni, na betri ya kompyuta iliyojaa. Umeme ukikatika, projekta itazima lakini kompyuta na simu vitaendelea, na mazungumzo yataendelea kwa sauti.
- Vipande vya karatasi na boksi la maswali.
- Fomu za idhini za wazazi.

Programu ya kutumia si jambo la kuumiza kichwa. Zoom ya bure inakupa dakika 40, Google Meet ya bure inakupa dakika 60 kwa kikundi. Skype usiitafute tena, ilifungwa Mei 2025.

## Hatua ya 1: Chagua mada kabla ya kumtafuta mtu

Ukianza na mtu, utapata yeyote atakayepatikana, na wanafunzi watalazimika kupenda anachofanya yeye. Anza na kitu wanachokiona kila siku: mbu wa mtaani kwao, mafuriko ya Mto Msimbazi pale Jangwani, samaki wa Feri, maji kupwa na kujaa Kunduchi, joto la Februari. Waulize darasani ni kipi kati ya hivyo kinawasumbua akili. Andika maswali matatu au manne ya mwanzo kama walivyoyatamka. Utayahitaji kwenye Hatua ya 3.

Ukitaja mada, mikono ikapanda bila kuwabembeleza, umeipata.

## Hatua ya 2: Ruhusa na usalama

Mwone mkuu wa shule kwanza, ukiwa na karatasi moja yenye mada, tarehe, nani ataongea na nani atasimamia. Kama shule yako ina utaratibu wa kupitia kwa afisa elimu kwa wageni wa nje, mgeni wa mtandaoni ni mgeni vilevile.

Kisha wazazi. Picha, sauti na jina la mtoto ni taarifa binafsi, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Fomu iseme waziwazi kama mtarekodi au hamrekodi, na kama picha zitawekwa popote. Ushauri wangu: msirekodi. Wanafunzi huuliza kwa uhuru zaidi wakijua maneno yao hayatasambaa kwenye simu za watu.

Onyo. Mawasiliano yote yapite kwako. Mwanafunzi asipewe namba ya mwanasayansi, na mwanasayansi asipewe ya mwanafunzi, hata kama wote wawili ni watu wazuri. Mwanafunzi ajitambulishe kwa jina la kwanza tu. Mwalimu awepo chumbani mwanzo mpaka mwisho.

## Hatua ya 3: Mtafute mwanasayansi

Dar es Salaam hatuna uhaba wa wanasayansi. Kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, Muhimbili, Chuo Kikuu Ardhi, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) pale Kijitonyama, ambako hata kituo cha daladala kinaitwa Sayansi. Taasisi ya Afya Ifakara ina watafiti wa mbu Bagamoyo na Ifakara. Aliye Ifakara yuko zaidi ya kilomita 400 kutoka darasani kwako, na kwa mtandao anaweza kuwaonyesha wanafunzi mbu walio hai kwenye vizimba vyao bila mtu kupanda basi. Hata yule wa Mlimani atakushukuru kwa kumwepusha na foleni.

Barua pepe za watafiti zipo kwenye kurasa za vyuo vyao. Njia nyingine ni kufungua makala ya kisayansi kuhusu mada yako: karibu kila makala ina anwani ya mwandishi wa kuwasiliana naye.

Usianze na profesa mashuhuri, maana ratiba yake imejaa. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, au fundi sanifu wa maabara, mara nyingi atajibu haraka, atakumbuka vizuri alivyokuwa kidato cha pili, na ndiye anayeshika vifaa kila siku. Waliosoma shuleni kwako wakaingia kwenye utafiti ni dhahabu. Waulize walimu wa zamani.

Fanya juhudi ya makusudi kumpata mwanamke. Mwaka 1983 David Chambers alichapisha matokeo ya kuwaomba watoto 4,807 wachore mwanasayansi. Ni michoro 28 tu iliyoonyesha mwanamke, na yote ilichorwa na wasichana. Lifanye zoezi hilo hilo darasani kwako wiki moja kabla, uitunze michoro.

Ukihitaji mtu wa nje, mpango wa Skype a Scientist, ulioanzishwa mwaka 2017 na mtaalamu wa ngisi Sarah McAnulty, huunganisha madarasa na wanasayansi bure. Jina limebaki, ingawa Skype yenyewe haipo tena.

Barua yako iwe fupi. Mfano:

> Habari Dkt. ____. Mimi ni mwalimu wa biolojia wa Kidato cha Pili, shule ya sekondari ____, Temeke. Wanafunzi wangu wana maswali kuhusu mbu ambayo kitabu hakijibu. Mmoja ameuliza: "Kwa nini mbu wanaotuuma mchana wana madoa meupe miguuni?" Naomba dakika 40 za mazungumzo nao kwa video. Huhitaji kuandaa slaidi wala hotuba. Maswali nitakutumia wiki moja kabla. Nitakuwepo darasani muda wote na hatutarekodi. Je, Jumanne tarehe __ au Alhamisi tarehe __, 10:00 (saa nne asubuhi, saa za Afrika Mashariki) itakufaa?

Swali la mtoto ndilo linalofanya kazi kwenye barua hii. Mtafiti hupokea maombi mengi ya "kuja kuhamasisha wanafunzi", ila swali kama hilo la madoa linamgusa kwenye kazi yake mwenyewe. Tuma kwa watu wanne au watano, kila mmoja barua yake, kumbusha mara moja baada ya wiki, halafu songa mbele.

## Hatua ya 4: Tarehe na saa

Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi, kwa sababu kuingia na kutulia tu kunakula dakika kumi. Tafuta vipindi viwili vinavyofuatana. Epuka wiki za mitihani, na Ijumaa karibu na muda wa swala.

Ukimwandikia mtu wa nje ya nchi, usiandike "saa 4" peke yake. Andika 10:00 na utaje saa za Afrika Mashariki. London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi kwao na saa 2 wakati wa kiangazi, New York kwa saa 8 au 7. Maana yake Mmarekani hutampata kipindi cha asubuhi. Mpangie saa 10 jioni, muda wa klabu ya sayansi.

Imekamilika pale mgeni anapokujibu kwa kuirudia saa hiyo kwa maneno yake.

## Hatua ya 5: Maswali

Tunawaambia wanafunzi kuuliza si ujinga, halafu darasani anayeuliza anazomewa. Miaka yote hiyo ya kuzomewa huwezi kuifuta siku mgeni anapotokea kwenye skrini. Anza siku kumi kabla.

Siku ya kwanza, dakika 15. Kila mwanafunzi aandike maswali matatu kwenye karatasi, bila jina, kwa Kiswahili, Kiingereza au mchanganyiko. Yatumbukizwe kwenye boksi. Kutoandika jina kunaondoa hofu ya kuchekwa, na utashangaa kuona yanayotoka.

Siku ya pili, kipindi kizima. Gawa karatasi kwa vikundi, wazipange mafungu matatu. La kwanza ni maswali ambayo kitabu kinajibu, mfano "Malaria ni nini?" Haya warudishiwe watafute majibu wenyewe kabla ya siku ya mgeni. La pili ni maswali kuhusu mtu mwenyewe: alifeli somo gani, mama yake alisemaje alipochagua kusomea wadudu, analipwa kiasi gani. Chukua matatu au manne, maana ndiyo yanayomfanya mgeni awe binadamu mbele yao. Lile la mshahara lisikatazwe, lipangwe tu vizuri: "Kazi hii inatosha kuendesha familia?" Fungu la tatu ni maswali ambayo mtafiti tu ndiye anayeweza kuyajibu. Mwanzoni litakuwa dogo sana.

Siku ya tatu, lipanue fungu hilo. Hapa ndipo kazi ya ualimu ilipo, kwa hiyo nitaonyesha swali moja kwa karibu.

Mwanafunzi ameandika: "Mbu wanaleta magonjwa gani?" Usiseme ni swali baya. Muulize: wewe mwenyewe umeona nini kuhusu mbu nyumbani kwenu? Anafikiri, anasema jirani yao ni gereji, kuna matairi ya zamani, na mvua ikinyesha kidogo tu yanajaa viluwiluwi. Muulize tena: kabla ya mvua matairi yalikuwaje? Makavu, mwezi mzima. Nyamaza. Mwache aliunde mwenyewe: "Kama matairi yalikuwa makavu mwezi mzima, hao viluwiluwi wametoka wapi haraka hivyo?"

Mtafiti akisikia swali hilo atakaa sawa kwenye kiti. Jibu linahusu mbu aina ya *Aedes aegypti*, anayeeneza dengue, ugonjwa uliolipuka Dar mwaka 2014 na tena 2019. Hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji yapande. Wewe sasa unajua. Usiwaambie.

Kanuni ya kuwapa ni moja: anza na ulichokiona kwa macho yako, kisha uliza kisichoeleweka ndani yake.

Wafundishe pia maswali mafupi ya kufuatilia, ambayo yeyote anaweza kuyatumia baada ya jibu lolote: "Mlijuaje hilo?" "Ni kitu gani bado hamjakijua?" "Umewahi kudhani hivi, kumbe ni vile?" Haya matatu ndiyo yanayogeuza mahojiano kuwa mazungumzo. Pia ndiyo yanayowaonyesha kuwa sayansi ni namna ya kutafuta, na kwamba kitabu chao kiliandikwa na watu waliowahi kutojua.

Chagueni maswali 12 na waulizaji 12, pamoja na sita wa akiba. Usiwape vipanga peke yao. Wasichana wawe nusu au zaidi, na wawepo wawili watatu ambao hujawahi kusikia sauti zao darasani.

Kuhusu lugha nina msimamo: kama mgeni anajua Kiswahili, waulize kwa Kiswahili. Najua sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, na najua mkuu wa shule angependa mgeni asikie Kiingereza safi. Lakini mwanafunzi anayehangaikia sarufi hana nafasi ya kufikiria mbu. Kama mgeni hajui Kiswahili, swali la kwanza lisomwe kwa Kiingereza walichokiandaa, la kufuatilia liulizwe kwa Kiswahili nawe utafsiri.

Onyo. Usiwaandikie wewe maswali. Yatasikika kama ya mtihani, na mwanafunzi hatakuwa na la kufuatilia kwa sababu swali halikuwa lake.

Umefaulu kama mwanafunzi anakufuata ofisini kukuuliza swali ambalo halikuingia kwenye orodha. Mtumie mgeni maswali 12 wiki moja kabla, ukimweleza kuwa yale ya kufuatilia hayajulikani.

## Hatua ya 6: Jaribu vifaa

Jaribu kwenye chumba kile kile, saa ile ile, kwa laini ile ile. Mtandao wa saa moja usiku sebuleni kwako hauna uhusiano na wa saa nne asubuhi shuleni.

Mwombe mwenzako apige simu ya video kutoka nje. Wewe nenda ukakae benchi la nyuma kabisa. Kama husikii kila neno, wanafunzi hawatasikia, na watu wasiosikia huanza kuongea.

Angalia bati. Masika, kati ya Machi na Mei, mvua ikipiga juu ya mabati yasiyo na dari, hakuna spika itakayoshinda. Kama una uchaguzi, tumia chumba chenye dari, hata kama ni kidogo na wanafunzi watabanana. Feni zinazolia zizimwe.

Ukisikia mwangwi au mlio mkali, kuna maiki mbili zimewaka chumba kimoja. Zima ya simu, bakiza ya kompyuta.

Kompyuta ikiunganishwa na hotspoti huanza kupakua masasisho yake kimyakimya na kumaliza bando kabla mgeni hajaingia. Kwenye mipangilio ya mtandao, iambie kuwa muunganisho huo ni wa kupimwa (kwa Kiingereza "metered connection"), na ufunge programu nyingine zote.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Weka kiti kimoja mbele ya kompyuta, umbali wa mkono mmoja. Hicho ni kiti cha muulizaji. Maiki ya kompyuta haimsikii mtu wa safu ya nne, na kamera ikielekezwa kwa darasa zima mgeni anaona vichwa tu. Anayeuliza anakaa, anasema jina lake la kwanza, anauliza, anabaki hapo mpaka afuatilie. Anayefuata ameshasimama pembeni.

Muulize mgeni mapema aitweje. Wanafunzi watamwita kila mtu "dokta", na anayesoma uzamili atapoteza dakika mbili kusahihisha. Kwa mgeni wa hapa nyumbani, darasa zima limsalimie shikamoo kwa pamoja, inavunja ukimya vizuri.

Mpe dakika tano za kusema yeye ni nani na leo asubuhi alikuwa anafanya nini kazini. Akiwa na kitu cha kuonyesha, kiwe kitu halisi mbele ya kamera. Halafu maswali kwa dakika 30. Zinazobaki ni za mgeni kuwauliza wanafunzi, sehemu ambayo walimu wengi huisahau na ambayo wanafunzi huipenda mno.

Kazi yako ni kukaa kimya. Usilirudie swali la mwanafunzi kwa maneno "mazuri zaidi". Sauti huchelewa kidogo mtandaoni. Baada ya jibu, hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo kabla ya kuingilia. Mgeni akianza kutumia maneno magumu, mwanafunzi wa kiti aruhusiwe kusema: "Samahani, sijaelewa neno hilo." Lifanyieni mazoezi siku moja kabla, maana kwetu kumwambia mkubwa kwamba hujamwelewa si jambo jepesi.

Katika biolojia swali la kama binadamu alitokana na nyani lina njia yake ya kujitokeza. Usilizime. Mdokeze mgeni mapema, aeleze ushahidi ni upi na watafiti waliufikiaje, bila kumdhihaki mtu na imani yake.

Mtandao ukikatika: subiri dakika tatu. Haujarudi? Zima video, bakisha sauti. Bado? Mpigie simu ya kawaida, uiweke sauti ya juu karibu na maiki ya ukumbi. Mgeni awe ameshaambiwa mpangilio huu ili asibaki anahangaika na linki.

Yamekwenda vizuri kama wanafunzi wameongea karibu sawa na mgeni, na kama mgeni amesema angalau mara moja, "Hilo hatujui bado."

## Kama video haiwezekani kabisa

Usikate tamaa. Uingereza kuna mpango wa I'm a Scientist ambao wanafunzi na wanasayansi huchati kwa maandishi tu, na wanafunzi wenye aibu hupata nafasi wasiyoipata kwenye video. Kwako unaweza kutumia WhatsApp ya simu yako: wanafunzi wanaandika kwenye karatasi, unachapa, mgeni anajibu kwa ujumbe wa sauti, unauweka kwenye spika. Mpangie saa maalumu awe mtandaoni. Majibu yakija kesho yake, hamu imeshakwisha.

## Hatua ya 8: Baada ya mazungumzo

Siku hiyo hiyo wachore tena mwanasayansi, walinganishe na mchoro wa kwanza wakiwa wawili wawili.

Shukrani ziwe za maana. Kila mwanafunzi aandike sentensi mbili: kitu kimoja alichokisikia ambacho hakukijua, na swali jipya. Chagua tano, mtumie mgeni. Barua ya "tunakushukuru kwa kutenga muda wako adhimu" haimwambii chochote.

Ndani ya wiki mbili wape kazi ndogo inayotokana na walichokisikia. Kwa mfano wa mbu: kila mmoja ahesabu vyombo vyenye maji yaliyotuama kuzunguka kwao, matairi, makopo, vifuu, ndoo, aandike vingapi vina viluwiluwi. Waangalie kwa macho bila kuingiza mikono, kisha wamwage maji hayo kwa ruhusa ya wenye nyumba. Jumlisheni darasani, mchore grafu, umtumie mgeni picha yake.

Omba tarehe ya mazungumzo ya pili ukiwa unatuma grafu hiyo, kwa sababu sasa darasa lina takwimu zake na mgeni ana jambo la kuwauliza. Kama ni Kidato cha Nne, iwe kabla ya mock. Baada ya hapo hutawapata tena.